Majibu kwa Wasomaji: Paa Linavuja, Maji Yanaingilia Wapi?

Tangu masika yaanze, barua nyingi zinazoletwa katika safu hii zinahusu paa linalovuja. Nimechagua sita ambazo, kwa pamoja, zinagusa karibu kila aina ya paa tunayoezekea, kuanzia bati la migongo hadi makuti. Wengi walioandika wamekwisha kumlipa fundi mara moja au zaidi, wakaambiwa kuwa tundu limezibwa, kisha mvua iliyofuata ikaonyesha kwamba halikuzibwa. Ombi langu kwa wote, kabla ya kwenda dukani kununua chochote, ni kwamba tujue kwanza maji yanaingilia wapi.

SWALI: Ndugu mwandishi, nyumba yangu ipo Mbezi, Dar es Salaam, na iliezekwa kwa bati la migongo midogo miaka tisa iliyopita. Kila inaponyesha mvua kubwa, maji hudondoka kwenye kona ya sebule karibu na mlango. Fundi amepanda mara mbili na kupaka silikoni juu ya kona hiyo, lakini maji bado yanadondoka pale pale. Je, tatizo ni silikoni au ni fundi? (Msomaji, Mbezi)

JIBU: Ndugu yangu wa Mbezi, kwa maelezo yako fundi alipaka dawa juu ya mahali maji yanapodondokea, na ni nadra sana mahali hapo kuwa ndipo yanapoingilia. Maji yakishapenya kwenye tundu la msumari hayaanguki papo hapo. Hushikamana na uso wa chini wa bati na kuteremka nao mpaka yakutane na papi, yaani ubao wa kulala unaopigiliwa bati, huifuata papi kwa ubavu hadi kwenye kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, huteremka na kenchi, na hatimaye hudondoka juu ya dari. Dari nayo ikiwa imelegea kidogo, maji husafiri tena juu yake hadi yapate maungio ya mbao au tundu la taa, na hapo ndipo wewe unapoyaona. Safari yote hiyo inaweza kuwa ya mita mbili au tatu, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo anza kutafuta upande wa juu wa mteremko, kutoka pale unapoona tone na kupanda kuelekea kwenye kofia ya paa, yaani bati linalofunika kilele.

Siku ya jua kali, mnamo saa sita au saa saba mchana, fungua mlango wa dari na upande na tochi, ukikanyaga mbao za kenchi peke yake kwa kuwa silingi bodi haibebi mtu. Ukishatulia, zima tochi na usubiri macho yazoee giza. Tundu litajionyesha lenyewe: utaona mwale mwembamba wa mwanga, pengine wenye unene wa sindano, ukishuka ubavuni mwa msumari huku vumbi likielea ndani yake. Washa tochi tena na umulike papi iliyo karibu na mwale huo. Ukikuta mchirizi mweusi, au wa rangi ya kutu, uliokauka juu ya ubao, umefika penyewe. Mwanga unaoonekana chini ya kofia au kwenye maungio ya bati si lazima uwe njia ya maji, kwani mara nyingi pale pamefunikwa kwa juu. Mchirizi kwenye ubao ndio ushahidi. Pitisha waya mwembamba kwenye tundu hadi utokeze nje, ili atakayepanda juu ya paa aione alama yako bila kubahatisha. Usikae humo muda mrefu, maana joto la chini ya bati wakati huo ni kali mno.

Usipoona mwanga wowote, tumia maji. Mtu mmoja akae darini na tochi, mwingine awe juu na mpira wa bustani, au ndoo na kopo kama maji ya bomba hayana nguvu. Aanze kumwagia sehemu ya chini ya paa, karibu na gata, akae hapo kama dakika kumi, kisha apande hatua moja, na hatua nyingine, hadi aliye ndani apige kelele kwamba ameona tone. Ukianzia juu, maji yatalowesha paa zima kwa mara moja na hutajua ni tundu gani kati ya yote lililoyaingiza. Hii ni kazi ya uvumilivu, na mafundi wengi hawaipendi kwa sababu inachukua nusu ya siku, lakini sijaona njia nyingine iliyo ya uhakika zaidi.

Kwa bati la umri wa miaka tisa, mtuhumiwa wa kwanza ni misumari. Bati hutanuka kwa jua la mchana na kujikunyata usiku, na kila linapofanya hivyo huvuta msumari kidogo, hadi kofia ya msumari inainuka na tundu linapanuka. Kuugonga msumari huo urudi mahali pake hakusaidii, kwa kuwa tundu la kwenye mbao limekwisha kulegea na baada ya miezi michache utainuka tena. Ung'oe, na mahali pake uweke skrubu ya bati iliyo nene na ndefu kuliko msumari ule, yenye washa ya mpira. Uikaze mpaka mpira uanze kutokeza kidogo pembeni mwa washa, kisha uishie hapo. Ukizidisha, mpira utapasuka na utakuwa umejitengenezea tundu jipya. Angalia pia kama misumari ilipigwa juu ya mgongo wa bati. Uliopigwa bondeni, ambamo maji yote hupita, utavuja hata ukiwa mpya, na dawa yake ni kuuondoa na kuliziba tundu hilo kwa kiraka cha bati.

Kuhusu silikoni, ina kazi yake, ila haishiki juu ya vumbi, kutu wala bati lililolowa. Sehemu isuguliwe kwa brashi ya waya, ifutwe, ikauke kabisa, ndipo ipakwe. Epuka ile yenye harufu kali ya siki, kwa sababu asidi inayotoka ndani yake wakati inakauka hula madini ya zinki yanayolinda bati lisishike kutu. Muulize mwenye duka akupe isiyo na harufu hiyo. Jambo la mwisho: andika upepo unatoka upande gani kila paa linapovuja. Ukigundua kwamba linavuja wakati wa kusi tu, basi maji hayo yanasukumwa na upepo kupita kwenye maungio ya bati au chini ya kofia, na huko ndiko pa kukagua hata kama misumari yote ni mizima.

SWALI: Nimejenga nyumba ya kisasa yenye paa la kuficha, na ina miaka miwili tu. Mvua ndogo haina tatizo. Ikija mvua kubwa ya saa moja, ukuta wa ndani wa chumba cha wageni unalowa kutoka juu na rangi inafura. Fundi anasema ni ukuta unaonyonya maji, nipake rangi ya kuzuia maji kwa nje. Nifanye hivyo? (Msomaji, Goba)

JIBU: Usinunue rangi kwanza. Maneno yako kwamba mvua ndogo haina tatizo yanaonyesha njia, na ningependa kila mwenye paa la kuficha ayasome mara mbili.

Katika nyumba ya kawaida, gata likizidiwa, maji humwagika nje, yakachafua ukuta kidogo na basi. Katika paa la kuficha, gata lipo ndani ya ukuta unaoficha bati, na likizidiwa maji hayana pa kwenda isipokuwa chini ya bati na juu ya dari yako. Sasa piga hesabu: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 120 likipata milimita 50 kwa saa moja, ni lita 6,000, yaani lita 100 kila dakika, na yote hayo yanakimbilia kwenye gata ambalo mara nyingi lina bomba moja au mawili ya kuteremshia, tena yakiwa yamezibwa nusu kwa majani, mchanga na vipande vya simenti vilivyoachwa na waliojenga. Wale waliopitia mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 2023, na zile zilizofuatia hadi kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu mwezi Mei 2024, wanajua kwamba mvua ya namna hiyo haiji mara moja katika maisha.

Panda siku kavu usafishe gata, kisha ziba midomo ya mabomba kwa matambara na ulijaze gata maji hadi karibu vidole viwili chini ya ukingo wake. Liache kwa saa kadhaa huku mtu akiangalia ndani. Maji yakionekana chumbani, gata lenyewe lina ufa au maungio yake yameachana, na hapo linahitaji kusafishwa, kukaushwa na kutandikwa upya utando wa lami au dawa ya kuzuia maji ya tabaka mbili au tatu, ipande na kwenye kuta za pembeni. Chumba kikibaki kikavu, zibua mabomba na uangalie maji yanavyotoka. Yakitoka kwa kusuasua, umepata jibu lako. Na kama yanatoka vizuri, mwagia maji ukuta wa juu, kwanza pale bati linapokutana na ukuta, kisha kichwani mwa ukuta wenyewe.

Pale bati linapokutana na ukuta ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Bati la kuziba maungio hayo, ambalo mafundi huliita flashi, linatakiwa liingizwe ndani ya mfereji uliochongwa ukutani, lijazwe, kisha lishuke juu ya bati la paa. Nyumba nyingi ninazozikagua flashi imebandikwa tu juu ya plasta kwa misumari na kupakwa silikoni kwa juu. Ukuta na bati havitanuki kwa kiasi kimoja, kwa hiyo baada ya mwaka mmoja nafasi inafunguka, na maji yanayoteremka na ukuta yanaingia nyuma ya flashi moja kwa moja. Kichwa cha ukuta nacho kiwe na mwinamo wa kuelekea ndani, kwenye gata, na kisiwe na nyufa.

Vyovyote utakavyokuta, mwambie fundi atoboe ukuta wa gata na kuweka tundu la dharura la kutokea nje, mdomo wake ukiwa chini kuliko ukingo wa gata. Mabomba yakiziba usiku wa manane, maji yatatokea hapo yakamwagike uani. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na dari ya jipsamu, na inanisikitisha kuwa ramani nyingi zinazouzwa za nyumba hizi hazina tundu hilo.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama mtu mzima naishi Muheza na wajukuu. Juzi usiku mvua ilinyesha sana, dari ya chumbani ikavimba ikawa kama tumbo, na maji yakaanza kutoka kwenye taa. Kijana wangu yuko mbali. Ikitokea tena usiku nifanye nini? (Mama wa Muheza)

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana. La kwanza kabisa ni umeme. Maji yakionekana kwenye taa au soketi, zima swichi kubwa ya nyumba, ukiwa umevaa viatu na mikono ikiwa mikavu, na usiiwashe tena mpaka fundi umeme akague. Kama mahali ilipo swichi hiyo pamelowa, msiiguse. Tokeni kwenye vyumba vinavyovuja na mwombe jirani aite watu wa umeme. Watoto wahamie chumba kikavu, na kitanda kisogezwe.

Pili, dari iliyovimba imebeba maji mengi na inaweza kuanguka yote kwa pamoja, kwa hiyo asilale mtu chini yake. Umeme ukishazimwa, weka beseni kubwa chini ya uvimbe, simama pembeni, na utoboe mahali palipofura zaidi kwa msumari uliofungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu. Tundu dogo linatosha. Maji yatashuka taratibu ndani ya beseni na dari itapona au, ikibidi, utapoteza ubao mmoja badala ya dari ya chumba kizima. Kama uvimbe ni mkubwa mno na umeanza kupasuka, uache, fungeni mlango wa chumba hicho na mkae mbali.

Tatu, mama, usimruhusu mtu yeyote apande juu ya paa mvua ikinyesha, hata kijana mwenye nguvu wa jirani. Bati lililolowa linateleza vibaya, na radi hupenda wakati huo huo. Mvua ikikatika na bati likakauka, vijana wawili wanaweza kutandika turubai. Waambie turubai lianze upande wa pili wa kofia ya paa, livuke juu, lishuke hadi chini ya sehemu inayovuja, kwa sababu likianzia katikati ya mteremko maji yatapita chini yake. Walishikilie kwa kamba zilizofungwa kwenye kenchi na mifuko ya mchanga, wasipige misumari. Kila msumari ni tundu jingine la kuziba baadaye. Kisha kijana wako akipata nafasi ya kuja, mpe gazeti hili asome jibu la msomaji wa Mbezi.

SWALI: Tunaishi Njombe. Mwezi Juni na Julai, asubuhi, matone yanadondoka kutoka kwenye bati ingawa mvua hainyeshi kabisa. Hatuna dari, na jiko liko ndani. Bati ni jipya. Je, tumeuziwa bati bovu? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Bati lenu ni zima. Usiku wa baridi bati hupoa haraka kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba, na mvuke wa jiko, wa pumzi za watu na wa nguo zinazoanikwa ndani hugeuka matone mara unapoligusa. Dalili ni kwamba matone yanaenea chini ya bati zima, alfajiri, wala hayafuati msumari wala maungio. Fungueni njia ya hewa chini ya mapaa na karibu na kilele cha kuta zote mbili, jiko lipate bomba la moshi au lihamie nje, na mkipata uwezo muweke dari. Kupaka lami juu ya bati hakutabadilisha chochote.

SWALI: Nina banda la wageni Kilwa Masoko lililoezekwa kwa makuti. Linavuja sehemu tatu, na nimeambiwa nitandike nailoni juu. Ni sahihi? (Msomaji, Kilwa)

JIBU: Nailoni itazuia mvua ya mwaka huu na kuozesha makuti ya chini yake, kwa kuwa hayatapumua tena. Tundu la makuti haliwezi kuzibwa kwa kupaka. Inua safu iliyo juu ya sehemu inayovuja, chomeka makuti mapya ya viungo chini yake, uyafunge kwenye fito, kisha urudishe ya juu. Ukikuta safu zimeachana sana, ongeza safu katikati upande wote huo. Angalia na mwinamo: paa la makuti linahitaji mteremko mkali, karibu nyuzi 45, na lililolazwa chini ya hapo litaendelea kuvuja hata makuti yakiwa mazito, kwani maji huzama badala ya kukimbia. Kilele ndicho huchakaa mapema kuliko sehemu nyingine, hivyo kifunikwe upya kabla ya kila masika.

SWALI: Nyumba yangu ya Mwanza ina bati la zamani lenye kutu. Fundi anasema lazima tuezue paa zima. Mwingine anasema abadilishe bati chache tu. Nimwamini nani? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Usimwamini yeyote mpaka kutu ipimwe. Chukua bisibisi na ukandamize kwa nguvu ya mkono mahali penye kutu, hasa kwenye maungio ambako bati moja limelala juu ya jingine, kwa kuwa vumbi hukaa humo likashika unyevu na kutu huanzia ndani isionekane. Bati linalotobolewa na bisibisi limekwisha. Linalobaki gumu lina kutu ya juu tu. Lisuguliwe kwa brashi ya waya, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, na litakupa miaka mingine. Yaliyotobolewa yakiwa machache na yako sehemu moja, fundi wa pili ana haki. Yakiwa yametawanyika paa zima, au papi zimeoza, wa kwanza ana haki, na fedha za viraka zitakuwa zimepotea.

Ukinunua mapya, kumbuka kuwa geji kubwa ni bati jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Pima pia urefu wa kulalia. Bati la juu lilalie la chini kwa angalau milimita 150, na zaidi ya hapo kwenye paa la mteremko mdogo, na kwa ubavu lilalie mgongo mmoja na nusu au miwili, mdomo wa kulalia ukitazama kinyume na upande upepo wa mvua unakotokea. Mafundi wanaobana bati ili zitoshe hupunguza hapo, nawe utalipa baadaye. Wanapofanya kazi wakanyage kwenye mistari ya misumari, ambako chini yake kuna papi, kwani bati likibonyezwa katikati maji yatatuama hapo.

Katika makubaliano yenu, bakiza sehemu ya malipo hadi paa limwagiwe maji kuanzia chini kwenda juu, fundi akiwa nje na wewe ukiwa darini na tochi.